Kibano Kimoja

Watu wazima wengi wa kijiji kile walikuwa na vikope. Kope ziliwageukia ndani zikawakwaruza mboni. Kibano cha kuzing'olea kilikuwa kimoja tu, na Nyamizi alipokifuata kwa jirani yake Holo, Holo alikatalia nacho.

"Siku tatu sijalala, dada," Nyamizi alisema.

"Na mimi je?"

Nyamizi alimrukia. Walibiringishana vumbini, wakang'atana, mpaka ncha ya kibano ikazama katika jicho la kushoto la Holo. Damu ikamchuruzika shavuni. Nyamizi akapigwa na butwaa, akingoja mayowe.

Holo alijifuta kwa kanga. "Hilo lilishakufa zamani," alisema, akiinua uso. "Ning'olee kope za hili jingine kwanza."

Nyamizi akamshika kidevu, akakisogeza kibano.