Shahidi wa Jumatatu

Siku mume wake alipokufa, shemeji yake alirudi nyumbani akiimba.

Sauti ilikuwa imemkauka, fulana imejaa vumbi mgongoni, na nyuma yake mtaa mzima ulikuja ukipiga vigelegele. Tangu alfajiri walikuwa kwenye lango la hospitali ya serikali, ambayo ilikuwa imetangazwa kwamba itakabidhiwa kampuni binafsi. Waliapa kuwa gari la kampuni halitapita pale. Na siku hiyo walilirudisha moja.

"Shemeji, tumewaweza!" alipaza sauti kutoka uani. "Kaka yuko wapi? Leo hata hiyo pumu yake itacheka!"

Aliingia chumbani, akamkuta mke wa kaka yake ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Kaka yake alikuwa juu ya kitanda, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Mama yao, ambaye naye alikuwa ametoka langoni, aliporomoka pale pale mlangoni.

"Ulipiga simu?" shemeji aliuliza.

Mjane aliitikia kwa kichwa.

"Gari halikuja."

Shemeji alisema kama mtu anayejua. Mjane alifungua mdomo. Akamtazama mama mkwe pale chini, akaufunga.

Basi ikawa hivyo. Picha ya marehemu, seremala mwenye penseli nyuma ya sikio, ilibandikwa kwenye mabango: ALIKUFA AKISUBIRI GARI. Alikuwa mtu wa utani. Alizoea kusema sauti ya mdogo wake inapasua mbao bila msumeno. Sasa sauti hiyo ilimlilia yeye kila mkutano, na mjane aliwekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, watu wote wamwone.

"Magari ya wagonjwa yalikuwa yetu!" shemeji alihutubia. "Wameyapaka kijani chao, vioo wameziba kwa matangazo yao, halafu wanahamishia humo mashine zetu, wanawasha king'ora ili tuwapishe! Si walitupata siku ile ya kwanza, tukawapisha?"

"Walitupata!"

"Watatupata tena?"

"Thubutu!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mjane alitazama viatu vyake. Alipoombwa aseme neno, alisema lile lile la siku zote: "Hatukufika hospitali." Wanawake walimshika mabega, wakamkalisha.

Alijaribu kubaki nyumbani. Mama mkwe akaja kuketi kando yake.

"Mwanangu, usituache. Nimebakiwa na huyu mmoja tu. Siku usipokwenda, hapati usingizi, anasema kaka yake amekufa bure."

Alijaribu kuaga aende kwao akapumzike. Majirani walikuja kumpokonya mizigo mikononi. "Ukiondoka sasa, watu watasema kampuni imekununua. Vumilia, dada. Wewe ndiye nguzo yetu." Kila njia aliyoiendea alikuta mtu amesimama, amefungua mikono, anampenda.

Alasiri moja dereva alikuja kutoa pole. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka mingi, na kampuni ilipochukua magari ilimchukua na yeye. Sasa alikuwa ameacha kazi. Shemeji alimkuta uani.

"Wewe! Kaka yangu anakata roho, ulikuwa wapi na gari lako?"

Dereva alikunja kofia mikononi. Alimtazama mjane kwanza.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Msamaha wako kawape waliokulisha!"

"Shemeji, mwache anywe maji," mjane alisema.

Alimsindikiza mgeni wake mpaka barabarani. Huko dereva alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mpaka lini, dada?"

"Mama bado yuko hai," alijibu, akageuka kurudi.

Wiki iliyopita mahakama ilikubali kusikiliza shauri la wananchi. Wakili wao alisema maneno ya mabango hayatoshi. Anahitajika mtu atakayeapa na kueleza kilichotokea. Akisimama vizuri, alisema, hospitali itabaki ya umma. Akiyumba, imekwenda. Chumba kizima kilimgeukia mjane, na kabla hajasema lolote walikwisha kumshukuru.

Leo baada ya chakula, shemeji alivuta kigoda, akaketi mbele yake amfanyishe mazoezi. Alivaa koti la marehemu, likamfunika mpaka vidole, akatoa tumbo mbele kama wakili wa kampuni. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, alicheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

"Bibi shahidi," shemeji alisema puani, "unataka kutuambia kwamba ulipiga simu?"

"Nilipiga."

"Nyumbani mlikuwa nani na nani?"

"Mimi na mume wangu. Wengine wote walikuwa langoni."

"Vizuri sana, shemeji, hapo hapo!" Akarudi puani. "Sasa iambie mahakama. Gari lilikuja, au halikuja?"

Mama mkwe aliacha mchele. Shemeji alisubiri, macho yamemjaa upendo.

"Jibu tu. Lilikuja, au halikuja?"

Lilikuja. Liliwachukua wote wawili, likakimbia na king'ora mpaka langoni, likasimama. Mlango wake wa nyuma haukufunguka kwa ndani. Alipiga bati kwa ngumi, na watu wa nje nao walikuwa wakipiga bati, wakiimba. Mume wake alikata roho pale pale, kabla dereva hajageuza kuwarudisha nyumbani. Juu ya bega la dereva, kupitia kioo cha mbele, alimwona mtu aliyelala chali mbele ya magurudumu, ametandaza mikono, anaimba kuliko wote. Alikuwa shemeji yake.

Kesi ni Jumatatu asubuhi. Shahidi wa kwanza ni yeye.