Sikio la Kulia

Bi Mwanakheri alimkumbatia mjukuu wake wa siku mbili, akakataa kumtoa.

"Unamtia nini sikioni?" alimuuliza muuguzi aliyeshika kimashine chenye waya.

"Sauti ndogo tu, Bibi. Sikio linalosikia huijibu, na mashine hulipata jibu na kuwasha taa ya kijani. Tukijua mapema kwamba hasikii, tutamsaidia."

"Sikio hilo limeshaadhiniwa na baba yake. Wewe maneno yako siyajui."

"Mama, tafadhali," binti yake alisihi kutoka kitandani.

Bi Mwanakheri akasogeza ushungi, akatoa sikio lake la kulia. "Nitie mimi kwanza. Niyasikie unayotaka kumwambia."

Muuguzi akamtia. Bibi akafumba macho, akasikiliza kwa makini, tayari kumfumania.

"Mbona huanzi?" aliuliza baadaye.

"Nimeshamaliza, Bibi."

Taa ya mashine ilikuwa nyekundu. Binti akamtazama mama yake, ambaye siku zote humgeuzia sikio la kushoto wanapoongea, akainamisha uso.

Bi Mwanakheri alirudisha ushungi taratibu. Kisha akamlaza mtoto mapajani, sikio la kulia juu.

"Haya," alisema. "Muulize na huyu."

Muuguzi akamtia, na wote watatu wakaikodolea macho taa, ambayo ilikuwa bado haijawaka tena.