Hadi Sura ya Kumi na Moja

Oyoo alikuwa amekalia debe, maana viti vyote viwili vilipelekwa matangani Kibera. Nani amekufa, hakuuliza. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye karatasi za mifuko ya saruji alizobandika ili achore mpango wa riwaya yake kwa makaa. Sura kumi na mbili, mishale juu ya mishale. Miaka minne ya mishale, na ukurasa wa kwanza bado haujaandikwa!

Mkewe Adero, aliyewalisha wote wawili kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kawangware, alimsihi aanze tu, maneno yatajileta njiani. Oyoo alimcheka. Kubuni njiani ni kazi ya walevi, alisema. Mwandishi hupanga hata kikohozi. Adero akamwambia waziwazi kwamba amechoka: mwezi huu ukiisha bila ukurasa, yeye na riwaya basi.

Halafu, ajabu, akaacha kubishana, akaanza kusaidia. Oyoo alifurahi kama mtoto. Kisa kilimhusu yaya anayehamisha vyombo vyote vya tajiri wake mchana kweupe, na kilikuwa kimekwama sura ya tisa: apite vipi mbele ya majirani? Adero alifikiri kidogo tu, akampa jibu la neno moja. Oyoo akaliandika kwa herufi kubwa.

"Na tajiri mwenyewe hatashtuka?" Adero aliuliza.

"Huyo? Ni bwege. Mpe chai, atanyamaza."

Adero akammiminia chai. Vikombe vilikuwa matangani, Oyoo akanywea kibuyu.

Ikabaki sura ya kumi na mbili, tupu kabisa: yaya akishatoka, anaenda wapi? Oyoo alisema hilo halina haraka.

Jumamosi alishinda baa akiwatambia wenzake kwamba mpango wake hauna hata tundu la sindano. Jioni akarudi, akasukuma mlango, akaita. Chumba kilikuwa kitupu, godoro halipo, hata debe halipo.

Ukutani, kila sura ilikuwa imetiwa alama ya vema, kama daftari la mwanafunzi hodari, mpaka ya tisa, palipoandikwa kwa mkono wa Oyoo mwenyewe: MATANGA. Mpaka ya kumi na moja.

Kwenye ya kumi na mbili, Adero alikuwa ameandika: "Hapa hukupanga. Nitabuni njiani."