Vidole vya Torunn

Mkanda wa kipimo cha presha ulimbana Torunn mkono hadi vidole vikafa ganzi, kisha ukalegea. Mia moja na sabini na mbili.

"Umerudia samaki wa chumvi?" muuguzi aliuliza.

Torunn alifumba macho. Miaka miwili hajaonja samaki huyo. Hata viazi anavila bila chumvi, na kopo lenyewe mumewe amelificha kwenye sanduku la spana.

"Nimeacha. Ila hakuna anayeniamini."

Muuguzi alipekua faili la Torunn, kisha akavua miwani. "Basi nimekuonea. Mwili wako unaikataa insulini, homoni ya kushusha sukari, ndiyo maana sukari haishuki. Kongosho linazidi kuimwaga, na ikijaa kwenye damu, figo zinang'ang'ania hata hiyo chumvi kidogo. Presha inapanda. Huenda kisukari na presha yako vina mzizi mmoja."

"Miaka miwili," Torunn alisema, "nimelala na mwanamume anayeninusa vidole akitafuta harufu ya samaki."

Akatoa simu, akampigia mumewe. Mume alipoitika, Torunn hakumsalimia. Alimnyooshea muuguzi simu.

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kujitetea."