Ongeza Muda

Hemedi aliweka kitabu juu ya mashine ya kuazimia vitabu pale maktaba. Alikikuta chini ya mto wa mama yake, Bi Msimu, alipofika nyumbani na kuambiwa kwamba wameshamzika.

Kioo kikawaka: "Umechelewa, mwanangu. Nilikungoja."

Akaruka nyuma kama aliyeshikwa bega.

"Usiogope, kaka," alisema Tausi, mkutubi. "Inamwambia hivyo kila anayepitisha tarehe. Programu yake ni ya wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Ilikuja kwa Kiingereza. Bi Msimu, alipokuwa akifanya kazi hapa, ndiye aliyeitia Kiswahili. Wakubwa wanataka tuandike 'Muda umepita' tu, lakini kila nikikaa kuyafuta maneno yake, mkono unakataa." Akamtazama vizuri. "Ulimjua?"

Hemedi akageukia kioo. Chini ya maneno yale kulikuwa na vitufe viwili: Rudisha, na Ongeza muda.

Nyuma yake mtu alikohoa. Kidole cha Hemedi kilibaki hewani, hata mashine ikachoka kungoja, ikauliza:

"Mwanangu, bado upo?"