Namba Tasa

Mwalimu aliandika 8191 ubaoni, akasema, “Hii ni namba tasa.”

Darasa la watu wazima likaangua kicheko. Macho yote yalimgeukia Constance, mjane asiye na mtoto. Nje, mashemeji zake walimngoja na kamba ya kupimia, wagawane shamba la marehemu.

Constance hakuinama. “Mwalimu, juu ya nini munaiita tasa?”

“Kwa sababu haigawanyiki. Ujaribu namba yoyote, itakataa, isipokuwa moja na yenyewe.”

Constance akaomba chaki, akatoka. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta. Akaandika 8191 kwenye bapa lake, polepole, chaki ikikwaruza chuma.

“Ni nini hiyo?” shemeji mkubwa akauliza.

“Ni ile jina munaniitaka.” Akalitupia jembe begani. “Mukuje na kamba yenu, mujaribu kugabanya.”