Maua ya Stoo

Jumamosi asubuhi na mapema, mshonaji mstaafu alifungua stoo na kuanza kutoa maua yake gizani. Vyungu vitano. Alivibeba kimoja kimoja hadi dirisha la sebuleni, akafuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa kibichi, kisha akafungua mapazia.

Maua yalitia huruma. Wiki tatu bila mwanga zilikuwa zimeyarefusha na kuyakondesha, mashina membamba yameinama, majani mawili matatu ya manjano yakining'inia kwenye ncha.

Akayatazama, akaridhika. Ndivyo alivyotaka.

Mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, yalirefuka yenyewe. Mumewe alikuwa amezikwa, binti yake amerudi kwake ng'ambo, na mapazia yalikaa miezi bila kufunguliwa. Fundi wa maua aliitwa, akayapunguza, akanywa chai, akasimulia vituko vya wateja wake hadi mama akacheka. Kisha maua yakapona, na mtu wa kubisha hodi akawa hayupo tena.

Ndipo alipoyapeleka stoo.

Saa nne fundi aliingia akipiga miayo, macho mekundu.

"Hujalala, mwanangu?"

"Nimetoka safari, mama. Naomba mkasi wako."

"Wako uliovunjika bado haujapona?"

"Bado," alijibu akicheka.

Akampa ule mdogo wa kushonea. Fundi akakaa sakafuni, akakata kila shina juu kidogo ya kifundo, pale jani linapochomoza. Vipande vyenye afya akavitia kwenye glasi ya maji vitoe mizizi.

"Yanarefuka hivi kwa kutafuta mwanga," alisema. "Na dirisha hili lina jua tele. Maua yako yana kichwa kigumu, mama."

"Kigumu kweli," alisema, akageukia birika haraka, uso umemwiva.

Chai ilichukua saa mbili. Alimweleza habari za magoti yake, na simu ya binti iliyokatika kabla hajamaliza kusema. Katikati ya maneno fundi alisinzia kitini. Hakumwamsha. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akamsikiliza mtu akipumua nyumbani mwake.

Mlangoni, fundi alimwagiza asiyatoe dirishani.

"Yakisumbua nitakupigia," mama alisema.

"Yatasumbua tu. Mwezi ujao nipo."

Alisubiri apotelee kwenye kona ya barabara. Kisha akavuta mapazia, akarudisha vyungu stoo, akafunga mlango. Moyo ulimsuta, kama kila mwezi. Mtoto wa watu anaacha wateja wenye shida za kweli, anakuja kudanganywa na kizee.

Jioni, akitoka kutupa takataka, alikutana ngazini na jirani wa chini.

"Jirani, nipe siri yako," yule mama alimwambia. "Fundi wako wa maua unampataje? Juzi nimempigia aje anitazamie ya kwangu, akakataa katakata. Anasema kazi hiyo aliiacha tangu mwaka juzi, siku hizi anaendesha malori."